Harusi ya Upepo: Waacheni Watoto wa Watu

Najua nimepotea. Zamu za usiku zimenibana, nikitoka wodini naona kitanda tu, kompyuta naitazama kwa mbali. Leo nilipanga kulala pia, ila nimeamka na dukuduku, na dukuduku nisipolitoa hapa nitalipeleka kazini kwa wagonjwa ambao hawana kosa.

Mmeiona ile picha? Kama mko kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa huku, mmeiona. Bibi harusi shela limepeperushwa na upepo hadi limemfunika bwana harusi usoni, nyuma yao kuna mistari ya mizabibu iliyobaki vijiti, mbingu za kijivu, na pembeni mama mtu mzima kajikunyata kama kifaranga kilichonyeshewa. Chini yake kuna maneno: "Harusi za majuu hizo. Ubahili na kuiga wazungu. Mama wa watu anateswa na baridi." Yakafuata macheko na vicheko, na mwingine akaandika eti bora wangekopa kuliko kujidhalilisha vile.

Sasa basi. Mimi nilikuwepo. Bibi harusi ni muuguzi mwenzangu, tumefanya wodi moja miaka minne. Yule mama aliyejikunyata nilikabidhiwa mimi nimwangalie siku ile. Kwa hiyo nina haki ya kusema, na nitasema, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe.

Kwanza niwape picha nzima, maana ile ya kwenye simu ni sekunde moja tu ya siku nzima. Harusi ilikuwa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, Ijumaa ya mwisho wa Novemba. Kent wanaiita bustani ya Uingereza, matunda mengi yanalimwa huko, na siku hizi mizabibu imeenea kwenye vilima vyake vya chokaa. Wanalima Chardonnay, Pinot Noir na Pinot Meunier, aina zilezile zinazotumika Champagne kule Ufaransa, kwa sababu udongo unafanana na hali ya hewa ya ubaridi nayo inafanana. Mavuno ni mwishoni mwa Septemba mpaka Oktoba. Ikifika mwisho wa Novemba majani yameshaanguka, shamba limelala, na wenye shamba wana nafasi ya kukodisha ghala lao kwa maharusi. Wageni tulikuwa 38. Ndoa ilipangwa saa saba mchana kwa sababu saa kumi jua linazama. Joto nyuzi 6, na upepo kutoka upande wa baharini ambao hata mimi niliyezoea ulinitoa machozi.

Walifungia ndoa nje, kati ya mistari ya mizabibu. Wengi hamjui kuwa jambo hilo ni jipya. Hapa England na Wales mpaka mwaka 2021 ndoa ya kiserikali ilikuwa lazima ifungwe ndani ya chumba au chini ya paa la kudumu. Tangu Julai 1, 2021 ikaruhusiwa kufungwa nje, ilimradi ni kwenye viwanja vya mahali palipopewa kibali, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Nayasema haya kwa sababu kuna mtaalamu mmoja kwenye kundi alidai eti ndoa ile si halali, imefungwa porini. Ndugu yangu, kabla ya kufunga wote wawili walikwenda ofisi ya msajili wenyewe, wakatoa taarifa, wakasubiri. Kawaida ni siku 28, na kwa sisi wenye mambo ya uhamiaji inaweza kusogezwa mpaka siku 70. Msajili alikuwepo, mashahidi wawili walikuwepo. Mahari ilishatolewa nyumbani tangu mwaka juzi, ng'ombe na vyote. Na kanisani kwao wataenda kubarikiwa wakirudi likizo. Porini gani tena?

Haya, tuje kwenye mashtaka. Yako matatu, na nitayachukua moja moja.

La kwanza: wameiga wazungu.

Hili ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu anayelisema hajauliza hata swali moja. Hivi mnajua yule mama ni nani? Ni mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma. Naam, Dodoma yetu hii. Wengine mmekunywa mvinyo wa Dodoma mpaka mkaimba, lakini hamjawahi kujiuliza nani anainama kwenye lile jua. Mama huyu ana ekari mbili za zabibu aina ya Makutupora, alibaki nazo baba wa watoto alipofariki. Kwa zabibu hizo alisomesha watoto wanne, na wa tatu ndiye huyu muuguzi mwenzangu. Kuna miaka alivuna vizuri. Kuna miaka wanunuzi hawakutokea na zabibu zikamwozea mkononi, akauza za kula kando ya barabara, ndoo kwa ndoo, na ada ikachelewa. Bibi harusi aliwahi kunisimulia usiku mmoja tukiwa zamu kwamba wenzake chuoni walikuwa wanamtania kwa kuwa vidole vya mama yake vilikuwa na weusi wa utomvu na udongo usiotoka hata akioga.

Sasa binti wa mama huyo anaolewa ng'ambo. Anatafuta mahali. Anaona shamba la mizabibu, karibu na mji anaoishi. Angechagua wapi? Ukumbi wa hoteli wenye mazulia? Alisema, "Nataka mama akishuka kwenye gari aone kitu anachokijua." Huko ndiko kuiga wazungu?

Na alikijua kweli. Gari liliposimama mama hakuangalia jumba wala maua. Alinishika mkono akaniambia, "Nisogeze pale." Akaushika mche, akaupapasa kama mtu anavyopapasa kichwa cha mtoto, akasema, "Bado hawajapogoa hawa." Nikamwambia huku wanapogoa wakati wa baridi kali, mti ukiwa umelala. Akauliza wanavuna mara ngapi. Nikamjibu mara moja kwa mwaka. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. "Mara moja! Na wanakula nini?" Kwao Dodoma wanavuna mara mbili, kwa hiyo mzungu wa mara moja alimwonea huruma. Hayo hayapo kwenye ile picha. Aliyepiga picha hakuwa na muda na hayo.

Shtaka la pili: ubahili.

Hapa nitasema bila kumung'unya. Bwana harusi ni mbeba maboksi kwelikweli, si kwa utani, anafanya kazi ghalani usiku. Bibi harusi ni muuguzi wa ngazi ya 5 ambaye kila mwezi anatuma Hombolo. Walipouliza bei, Jumamosi ya Julai ilikuwa zaidi ya mara mbili ya Ijumaa ya Novemba. Mahali palepale, chakula kilekile, viti vilevile. Tofauti ni jua tu, na jua la Uingereza hata Julai hukuahidiwa. Wakapiga hesabu. Wakichukua Julai, fedha inaishia ukumbini. Wakichukua Novemba, inabaki ya viza na tiketi ya mama. Basi wakachukua Novemba. Upepo ule mnaoucheka ndiyo nauli ya mama. Mlitaka jua bila mama?

Wala hawakuunda kamati. Hawakutuma kadi za mchango. Simu yako haikulia saa tano usiku mtu akikukumbusha ahadi. Hapo ndipo naona kidonda chenyewe kilipo, maana wengi wanaosema ubahili wana hasira ya kutoalikwa, hawana huruma yoyote na maharusi. Sisi Watanzania tumezoea kwamba harusi ni ya kwetu sote, tukichanga tunanunua kiti na haki ya kutoa maoni juu ya nyama. Hawa hawakutuuzia viti, tukaudhika.

Naijua ile njia nyingine kwa sababu nimeipita. Niliolewa Dar es Salaam mwaka 2015. Kamati ilikaa vikao kila Jumapili miezi mitatu, na kila kikao kilikuwa na soda na kuku. Kulikuwa na kichenpati, kulikuwa na sendofu, kisha harusi yenyewe, watu zaidi ya 400, ndafu wawili, keki ya ghorofa na msafara wa magari wenye tarumbeta. Ahadi zilikuwa nyingi mpaka tukajiona matajiri. Wiki ya mwisho ahadi zikageuka upepo, na huo upepo ndio unaostahili kuchekwa. Mwenye ukumbi anataka salio, mpishi anataka salio, kadi zimeshagawiwa. Mume wangu alikopa SACCOS ya kazini kwake, mimi nikakopa ya kwangu. Tulicheza muziki usiku ule huku wawili sisi tu tukijua tunacheza juu ya deni.

Deni lile tulilipa miaka mitatu. Mwanetu wa kwanza alizaliwa tukiwa bado tunalipa. Nilikuja Uingereza na digrii yangu ya uuguzi, na watu wakadhani nimekuja kwa tamaa ya pauni. Ukweli, ambao sijawahi kuuandika hapa, ni kwamba miezi yangu ya mwanzo huku mshahara wangu ulikuwa unalipa ndafu walioliwa zamani. Mama yangu alipougua kipindi hicho nilituma kidogo, nikajisikia vibaya, nikatuma kingine cha kuazima. Wale 400 waliokula nami sikumwona hata mmoja. Na siwalaumu, maana walikuja harusini, hawakuja kuingia mkataba wa kuniuguzia mama. Najilaumu mimi niliyedhani vigelegele ni akiba.

Kwa hiyo mtu akiniandikia "bora wangekopa", naona kama ananitukana mimi binafsi. Umewahi kulipa deni la harusi? Unalipa kitu ambacho kimeshaliwa, kimeshachezwa, kimeshasahaulika, na video yake hata hamuitazami.

Shtaka la tatu: wamemtesa mama.

Hili ni zito na sitalikwepa. Ni kweli mama alipigwa baridi. Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Binti yake alimnunulia koti zito, kofia ya sufi, soksi na viatu vya kufunika. Alinikabidhi mimi: "Dada, wewe ni muuguzi, kaa na mama." Tulipokuwa tunajipanga kwenda nje, alitokea shangazi mmoja wa hapahapa, mwenyeji wa siku nyingi, akamwambia mama avue koti, eti linaficha kitenge na litaharibu picha. Mama ni mgeni, hajui baridi ya huku, na ni mtu wa adabu. Akavua. Kofia pia. Viatu vikabadilishwa vikawa vya wazi vyenye kung'aa. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mbele, nimeinua simu, natafuta pembe nzuri ya kumpiga bibi harusi akiingia. Nilimwona mama amekaa bila koti, nikajisemea ni dakika chache tu. Nina miaka kumi na zaidi kwenye kazi hii, na nikajisemea ni dakika chache tu.

Zilikuwa karibu 25. Nilipogeuka, mama alikuwa anatetemeka na anajaribu kufunga kitufe cha blauzi, vidole vinakataa. Nikamsalimia makusudi nimpime: "Mama, hujambo?" Jibu lilikuja polepole, limevutika kama la mtu mwenye usingizi. Hapo nikaacha kuwa mgeni mwalikwa nikawa muuguzi. Tulimwinua, mimi na kijana mmoja, tukampeleka ndani.

Nitumie nafasi hii kuwaambia wote mnaoleta wazazi huku, maana kila mwaka nawaona wazee wa kila rangi wodini kwa mambo haya. Mwili wa mtu una joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35 hiyo ni hatari ya kitabibu, mtu anaweza kufa. Mzee hufika huko haraka kuliko kijana, kwa sababu mwili wake hautengenezi joto kama zamani na pengine hata hasikii kwamba amepoa. Upepo unazidisha, unaichukua ile hewa ya uvuguvugu iliyoshika ngozi kila inapojitengeneza. Ishara ni kutetemeka, vidole kushindwa kazi, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa. Na ukiona mtu alikuwa anatetemeka kisha ameacha huku bado yuko kwenye baridi, usifurahi. Piga simu ya dharura.

Ndani, kuna bwana alikuja mbio na glasi ya mvinyo, "mpeni mama apate joto." Nikamfukuza. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, unajisikia moto wakati joto linakutoka. Mwingine akataka kumsugua miguu, nikamzuia, na wa tatu nikamzuia kuleta chupa ya maji ya moto kumwekea kwenye ngozi moja kwa moja. Tulimvua viatu vilivyoloa, tukamvika soksi kavu, kofia, koti lake mwenyewe, blanketi mbili, na chai ya sukari alipoweza kushika kikombe. Baada ya nusu saa alikuwa anauliza kama mizabibu ile inapata funza. Nikajua amerudi.

Na sasa nawaambia kitu kimoja ambacho kitaniletea maneno, lakini potelea mbali. Ile picha ya mama aliyejikunyata, yenye maneno "mama wa watu anateswa", imepigwa na nani? Imepigwa na yuleyule shangazi aliyemvua koti. Alimvua koti kwa ajili ya picha, akampiga picha hana koti, akaisambaza kwa kusikitika kwamba hana koti. Jina lake silisemi, anajijua. Ila naomba tusiseme harusi ya shambani ndiyo iliyomwumiza mama, wala Novemba, wala bei ndogo. Koti lilikuwepo. Lililomwumiza ni ule ugonjwa wetu wa kuthamini mtu atakavyoonekana kuliko atakavyojisikia. Nami siku ile nilikuwa nao, simu mkononi. Nilimwomba bibi harusi msamaha jioni ileile. Akaniambia, "Dada, umemwona kabla hajaanguka." Nimekubali msamaha, lakini jibu lake halinitoshi, na ndiyo maana naandika.

Simwambii mtu aende akaolewe kwenye upepo. Wenyewe hawa wawili wamekiri kwamba wangefunga ndoa ndani na kutoka nje kwa picha dakika tano. Mwenye nacho na afanye mwezi wa Julai na alike mia saba, fedha ni yake. Mwenye kamati inayochanga kwa moyo, kamati ni yake, na mimi nikialikwa nitacheza mpaka asubuhi. Ninachokataa ni hiki: mtu asiye na nacho, aliyekaa akapiga hesabu, akaamua mama yake aje kuliko jua lije, akatoka kwenye harusi yake hadaiwi hata senti, huyo ndiye tumemgeuza kichekesho. Halafu yule aliyekopa na sasa anajificha asikutane na mdai, huyo tunasema alifanya harusi ya nguvu. Tukiendelea hivi vijana wetu watajifunza nini?

Nimalizie na jambo moja. Kwa sababu ya upepo karatasi zilikuwa zinaruka, kwa hiyo msajili aliamua saini zitiwe ndani. Ikawa bahati, kwa kuwa mama alikuwa palepale kwenye blanketi lake. Tangu mwaka 1837 kumbukumbu za ndoa za nchi hii zilikuwa na nafasi ya jina la baba tu na kazi yake. Mama hakuwa na mstari. Mabadiliko yamekuja Mei 2021, majina ya akina mama nayo yakaingia. Bibi harusi aliichukua ile karatasi akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwonyesha kwa kidole. Mama macho hayaoni vizuri, akaniambia mimi nimsomee. Nikasoma jina lake lote, matatu. Nikasoma mstari wa kazi, nikamtafsiria: mkulima.

Mama akauliza, "Wameandika na zabibu?" Nikamwambia hapana mama, mkulima tu. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi inatosha, mizabibu si ipo hapo nje wanaiona."

Hiyo ndiyo harusi mliyoicheka. Naomba kutoa hoja. Zamu yangu inaanza saa moja na nusu usiku, nakwenda kulala kidogo. Na ninyi mnaoleta wazazi huku msimu huu, tafadhali, msimvue mzee koti.